Naomba ushauri: bwawa la kuogelea la umma mtaani kwetu

Wakuu habari zenu. Niko Mwanza. Mtaani kwetu kuna kiwanja cha wazi, na wakazi tumeombwa maoni kitumikeje. Nimependekeza bwawa la kuogelea la umma.

Tunaishi kando ya ziwa lakini watoto wetu wengi hawajui kuogelea, na ziwani kuna kichocho. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 2018, karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara, walikufa watu zaidi ya 220. Sijaisahau siku ile. Juzi nimemwona binti wa miaka kama tisa akiosha vyombo ufukweni, ndoo ikamponyoka. Alisimama maji magotini akaiangalia inavyokwenda, asithubutu hatua moja zaidi.

Sasa kamati imegawanyika. Wenzangu wanataka bwawa la mita 50, la mashindano. Nimepiga hesabu: mita 50 kwa 25, kina mita 2, ni lita milioni 2.5 za maji. La mita 25 kwa 12.5 lenye kina cha wastani mita 1.2 ni lita 375,000 tu, na mtoto anasimama. Mimi naona hilo dogo ndilo letu, ila mji unakua. Je, miaka 20 ijayo litatosha?

Waliowahi kusimamia bwawa, naombeni mnisaidie: umeme wa pampu na klorini mnavilipiaje bila kupandisha kiingilio? Na zamu za wanawake, shule na wenye ulemavu mnazipangaje?