Vifuu, vipande vya kitenge na viroba: wapi pa kuvipata Mombasa kwa bei nafuu?

Ushanga_Kisauni

Asalaam aleikum wenzangu. Nataka kuanza kutengeneza hereni, vishikio vya funguo na vikoba vidogo vya kuuza, vipande hamsini hivi kwa kuanzia. Shanga na ngozi za dukani zinameza faida yote. Naomba kuelekezwa mali ya bei nafuu, hata iliyotupwa, inayopatikana hapa mjini kwa wingi. Sharti langu ni kwamba ifanane, maana mteja akiagiza tena hataki kuletewa kitu kingine. Nafikiria kuanza na vifuu. Husafishwa vipi visiote ukungu, na hutobolewa vipi bila kupasuka? Nina msumeno wa chuma, msasa na keekee ndogo ya umeme.

FundiKifuu

Waaleikum salaam dada. Nenda Kongowea au Marikiti kwa wanaouza nazi na kuzikuna papo hapo. Wapelekee gunia lako na uwaombe wakuwekee vifuu kando. Usingoje vifike jaani: kifuu kikilowa maji ya taka kinashika madoa meusi ambayo msasa hauyatoi, kwani yameingia ndani.

Chukua vya nazi kavu iliyokomaa tu. Cha dafu bado ni laini; kikikauka kinajikunja na kupasuka. Nazi ikipasuliwa sawasawa katikati, upande usio na macho ndio mzuri zaidi, kwa sababu ule wenye macho una matuta na unene wake haulingani. Upande mmoja mzuri hutoa vipande vinane vya upana wa sentimita 3. Ukizidisha upana huo, kipande kinaonekana wazi kuwa kimebonyea. Na hapa ndipo penye jibu la kufanana: jozi moja ya hereni ikatwe kwenye kifuu kimoja, tena ubavu kwa ubavu. Vifuu viwili havina rangi moja hata vikitoka mnazi mmoja.

Anika juani siku mbili au tatu. Nyama iliyobaki itajikunyata, uichokoe kwa kisu butu. Usiache hata utando mwembamba ndani. Kwa unyevu wa hewa yetu ya pwani utaota ukungu, na sisimizi watafika kabla ya mteja. Nje, kwangua nyuzi kwanza, kisha msasa namba 80, 150, 240 na 400. Usiruke namba. Ukitoka 80 moja kwa moja hadi 400, mikwaruzo haionekani kifuu kikiwa kikavu, lakini ukipaka mafuta yote inajitokeza.

Kutoboa: toboa KABLA ya kukata umbo. Kipande kikubwa kinashikika kwenye jiriwa, kidogo kinaruka. Tumia biti ya milimita 1.5, tundu liwe angalau milimita 3 kutoka ukingoni, na chini yake weka kipande cha mbao kilichogusana nacho barabara. Kifuu hupasukia upande biti inapotokea, kwa kuwa hapo hakuna kinachokiegemeza. Ukiona moshi, biti imekuwa butu. Vumbi lake ni laini na linawasha kifua, kwa hiyo vaa barakoa, au tumia msasa wa maji na usugue kikiwa kimelowa.

Ushanga_Kisauni

Shukran sana kaka. Je, naweza kumalizia kwa mafuta ya nazi? Ndiyo niliyo nayo. Na vitambaa vya vikoba nitavitoa wapi?

BintiMjiWaKale

Mafuta ya nazi hapana, dada yangu. Hayakauki, yatabaki juu ya kifuu na kuchafua kola ya mvaaji. Paka nta ya nyuki: pasha kifuu joto kidogo juani, sugua nta kwa kitambaa, ngoja ipoe, kisha futa kwa nguvu mpaka king'ae.

Kwa vitambaa, usihangaike na leso. Leso huuzwa doti na hukatwa na kupindwa tu, fundi habaki na kitu. Mabaki mazuri ni ya kitenge, kwa mafundi cherehani wanaoshona magauni na mashati. Waombe mabaki ya wiki nzima kwenye mfuko mmoja na mkubaliane bei ya mfuko, msihesabiane kipande kimoja kimoja. Ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja wa kila kitambaa, uuchome. Pamba inaacha jivu laini na kunuka kama karatasi; poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Usizichanganye kwenye kikoba kimoja, kwani pamba hurudi ikifuliwa na poliesta hairudi, na mshono unajikunja.

Fua kabla ya kukata, mpaka maji yatoke meupe. Wanaokwambia uloweke kwenye chumvi au siki ili rangi ishike wanakupotezea chumvi. Sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu yake. Kikitoka safi, shona.

Kiroba_Changamwe

Kwa vikoba vyenyewe ningeanza na viroba vya plastiki vya mchele au sukari. Wenye maduka ya jumla na wapishi wa hoteli huwa navyo, na maandishi ni yaleyale kila mara, kwa hiyo hapo kufanana si tatizo. Weka kiroba nje na bitana ya kitenge ndani. Ukingo unafumuka haraka, basi upitishie kisu kilichopashwa moto, nje penye hewa, kisha kunja mara mbili. Sindano namba 16, mshono wa milimita 4. Ukishona kwa mshono mfupi unatoboa matundu yaliyokaribiana na kiroba kinachanika hapo hapo kwa mstari. Kilichokaa juani muda mrefu usichukue, hata kwa bure: kikunje, ukisikia kinakatika kiache. Mifuko ya saruji pia iache, vumbi lake linachoma ngozi.

Waya wa kuning'iniza hereni upo kwa mafundi wanaosuka upya mota za umeme. Ile shaba ina vanishi, iondoe kwa msasa. Lakini usiitumie kwa ndoano inayoingia sikioni, itaacha rangi ya kijani. Hapo nunua ndoano za chuma kisichoshika kutu. Usinunue shaba kwa mtu anayepita nayo mtaani. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka muuzaji awe na leseni, na waya wa kuibwa ukikutwa kwako ni kesi yako.

BintiMjiWaKale

Na kabla sijasahau: usiokote kome wala matumbawe ndani ya hifadhi ya bahari pale Nyali na Bamburi, ni marufuku. Gamba la ng'amba (aina ya kasa) usiliguse kabisa hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Kandambili zilizoletwa na maji ufukweni, hizo chukua kadiri utakavyo, ila bonyeza kwa ukucha kwanza. Ikimeguka, jua limeshaimaliza. Loweka nzima kwenye maji baridi usiku kucha chumvi itoke, la sivyo gundi ya viatu haitashika. Paka gundi pande zote mbili, subiri kama dakika kumi mpaka isinate kidoleni, ndipo ugandamize.