Vitu vya kila siku vinavyogoma kuelezeka, tupeane uzoefu

Habari za muda huu wakuu. Kuna mambo yanatupata ya kawaida kabisa, nyumbani, dukani, kitandani, ukimsimulia mtu anakwambia umechoka au umerogwa, imeisha hiyo, hakuna anayekuuliza ilikuwaje. Hapa tuulizane ilikuwaje. Leta kilichokupata wewe mwenyewe, sema ulikuwa wapi, saa ngapi, umelala au uko macho.

Naanza. Nilikuwa nafanya kazi ya ulinzi usiku, asubuhi narudi geto nalala. Siku hiyo nikashtuka usingizini, macho yamefunguka, neti naiona, hadi pale ilipotoboka nikafunga fundo napaona, nje namsikia muuza kahawa anagonga vikombe vyake, lakini mwili hausogei hata ukucha. Kifuani kuna uzito kama nimetupiwa gunia la mahindi na mlangoni kuna mtu amesimama, uso sioni, ila najua ananiangalia mimi. Nataka kupiga kelele sauti haitoki, nikawa nasoma Ayatul Kursi kichwani, mara kidole cha mguu kikacheza na kila kitu kikaachia. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani.

Wazee wanaita jinamizi. Kitaalamu ni kwamba ukiwa unaota ubongo unafunga misuli ili usije ukainuka ukatekeleza ndoto, sasa akili ikiamka kabla misuli haijaachiwa unakuwa macho huku mwili haupo na ndoto bado inaendelea humo humo chumbani. Kulala chali na kukosa usingizi kunachochea, na watu wa shifti linatupata sana. Hilo nalikubali kabisa. Kinachonishinda ni kwanini watu wengi, hata wasiojuana, tunamuona mtu yule yule, kivuli, kimya, pembeni au mlangoni. Waliokuwepo Pemba na Unguja 1995 wakati wa Popobawa, lile jini lililosemekana linavamia watu usiku, wanajua, watu walikuwa wanalala nje kwa makundi kwa hofu, na wengi waliosema wamevamiwa walieleza hivi hivi, kifua kinabanwa na mwili umegoma. Kuna watafiti walioliunganisha lile na jinamizi.

Haya, karibuni.

---

Mkuu la kwako nalijua, mimi kwangu ni bati. Saa tano saa sita usiku unasikia ta, ta, ta, mtu anatembea juu kuelekea kwa watoto. Fundi aliniambia bati linapanuka na jua mchana, usiku linasinyaa, linavuta misumari. Tangu hapo nalala.

---

Mimi nilisoma bweni, shule ya wasichana, jina naliacha. Ilikuwa karibu na mtihani, tuko prepo, mwenzetu mmoja akaanza kulia bila sababu akaanguka, tunamshika akaanguka wa pili, halafu wa meza ya nyuma ambaye hata hakuwa anaangalia. Watu wanasema tunaigiza. Wakuu mimi sikuanguka ila mikono ilianza kutetemeka yenyewe, naiangalia, naiambia tulia, haitulii!! Hadi leo nikisikia kwenye habari wanafunzi wameanguka sicheki.

---

Dada pole na asante kwa kusema hilo la mikono, maana ndio linalofichwa. Hamkuwa wa kwanza. Januari 1962 pale Kashasha, Kagera, mabinti watatu wa bweni walianza kucheka wakashindwa kuacha, ikaenea mpaka wanafunzi 95 kati ya 159, mwezi wa tatu shule ikafungwa, waliporudi makwao kikazuka na Nshamba. Madaktari walipima wakakosa sumu wala mdudu wa ugonjwa. Siku hizi wanasema ni msongo unaopita mtu kwa mtu na mwili ndio unaoutoa, sio maigizo. Naona inaeleza kwanini, ila njia ambayo msongo unapita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule asiyeangalia, hapo bado.

---

Chuma ulete je, ule uchawi wa kuvuta pesa za mtu? Nina duka la rejareja mtaani. Kuna mteja akija na noti ya elfu kumi kununua kiberiti, nikimpa chenji, jioni mauzo hayafiki. Mkaa nimeweka kwenye droo kama nilivyoshauriwa, hakuna kitu. Sasa nimeanza kuandika namba ya kila noti kubwa anayonipa kwenye daftari.

---

Kaka hilo la namba ni zuri sana, usiache. Ila andika na chenji unayotoa, na mkopo wa watu wa mtaani, na unga mama watoto anaochota kwa ajili ya nyumbani, vyote siku hiyo hiyo. Ukimaliza wiki tuambie: ile noti yenye namba uliyoandika, jioni unaikuta kwenye droo au hauikuti? Na ukitoka kwenda kuswali nani anabaki dukani?