Naomba ushauri: programu ya kutafsiri ishara za simu, niiombee hataza (patent)?

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi wa simu za maofisini. Swichibodi nyingi za zamani bado zinatumia ISDN, mfumo wa zamani wa simu za kidijitali, kwenye laini ya E1 inayobeba simu nyingi kwa pamoja, ilhali laini mpya zinakuja kwa SIP, itifaki (lugha ya mitambo) ya kupiga simu kupitia intaneti. Katikati lazima kiwepo kifaa cha kutafsiri itifaki moja kwenda nyingine.

Kinachoniuma ni sababu za simu kukatika, ambazo kila mfumo unazitaja kwa namba zake. Upande wa ISDN, sababu 17 ni kwamba mtu anaongea na simu nyingine. Kwa SIP hiyo ni 486. Sababu 1, namba haipo, inakuwa 404. Sababu 34, njia zimejaa, ni 503. Kuna vifaa nimekutana navyo vinajibu kosa lilelile kwa zote, mpigaji anadhani namba imekufa na harudii tena. Mwenye biashara anaumia bila kujua.

Nimeandika programu inayotambua swichibodi inayotuma sababu potofu, kisha inairekebisha kabla ya kuivusha. Najua RFC 3398, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2002, tayari ina jedwali la kuoanisha ISUP (ishara za kati ya mitambo ya simu, zenye namba za sababu kama za ISDN) na SIP, kwa hiyo jedwali si langu. Ninachoamini ni kipya ni hiyo njia ya kutambua na kurekebisha.

Aliyewahi kuomba hataza BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania), au ARIPO (shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika) kule Harare, anisaidie: hoja kama hii inasimama? Kuna mteja anataka kuiona ikifanya kazi. Nikimwonyesha kabla ya kuwasilisha maombi, nitakuwa nimeharibu upya wake, yaani sharti la kutojulikana kwa umma kabla ya maombi, au mkataba wa siri unatosha?