Naomba ushauri: joto la kuchachusha laga

Habarini wakuu, mie niko Paje, ndo kwanza naingia kwenye bia ya nyumbani, nataka laga (ile bia ya kuchachushwa kwa baridi) lita 20 kwa hamira ya laga ya W-34/70. Kaskazi hii chumbani ni nyuzi 30 kwa hiyo ndoo iko ndani ya friji kuukuu lenye kidhibiti joto, kipimo nimekibandika kwa selotepu ubavuni mwa ndoo. Nimejaribu na maji matupu, 12 inakaa vizuri, ila umeme ukikatika (na huku mwaujua!) inapanda, chupa za barafu zasaidia kidogo tu.

Wengine wanambia 10 mpaka mwisho, wengine anza 12 halafu pandisha 16 ili ile harufu ya siagi kwenye bia iondoke. Sasa mgeni kama mie nianze ngapi, na wakati wa kupandisha nifate siku au haidromita (kile kipimo cha sukari iliyobaki)?