Miguu ya Bibi na kidonge cha presha

Shangazi Wete: Asalaam aleykum. Bibi tangu aongezewe amlodipini, kutoka miligramu 5 kuja 10, miguu yavimba kila jioni. Jirani kamwambia ni mafigo, aiache dawa. Leo asubuhi hakumeza.

Dada Famasi: Waaleykumu salaam shangazi. Asiiache kwa maneno ya kibarazani. Inavimba yote miwili?

Shangazi Wete: Yote, sawasawa. Alfajiri huwa imenywea.

Dada Famasi: Basi yaelekea ni dawa yenyewe. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayorudisha hailegei kiasi hicho. Damu inaingia kwa wingi, inatoka kwa taabu, maji yanachujika kwenye nyama. Maji hushuka, ndo maana vifundoni, ndo maana jioni, na joto la kaskazi huzidisha. Kwenye 10 hutokea zaidi kuliko 5.

Ami Chake: Uvimbe wa mafigo mara nyingi huanza usoni asubuhi, kope nzito, mkojo una povu. Apimwe mkojo na kreatinini, kipimo cha damu cha kuonyesha kazi ya mafigo, tuwe na hakika. Akikosa pumzi akilala chali, huenda ni moyo. Na ukivimba mguu mmoja tu, una joto, shavu la mguu linauma, ni hospitali siku ile ile: damu huenda imeganda.

Mama Rayyan: Lasix ipo hapa nyumbani, nimpelekee?

Dada Famasi: Hapana, tafadhali! Lasix hutoa maji yaliyozidi mwilini. Ya Bibi hayakuzidi, yamehama mahali tu. Atakojoa usiku kucha, madini ya potasiamu damuni yashuke, apate kizunguzungu aanguke, na miguu ibaki vile vile.

Shangazi Wete: Na kidonge cha leo?

Dada Famasi: Kama hazijapita saa 12 tangu wakati wake, ameze sasa. Zikipita, angoje kesho, asiunganishe viwili. Dawa hii hukaa: nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kutoka. Ndo maana mtu akiiacha hahisi kitu siku ya kwanza, presha hupanda taratibu bila kumwambia.

Ami Chake: Shangazi, magoti yake anayatuliza na nini?

Shangazi Wete: Diklofenaki, mara mbili kwa siku. Mwezi wa pili huu.

Ami Chake: Ala! Diklofenaki huzuia chumvi na maji, hupandisha presha, hata miguu huvimbisha. Huenda ndo iliyofanya aongezewe mpaka 10. Aache hiyo, atumie paracetamoli, na daktari aambiwe.

Dada Famasi: Daktari anaweza kumrudisha 5 na kuongeza losatani, dawa nyingine ya presha, ambayo hulegeza na mishipa ya kurudisha damu, uvimbe ukapungua. Enalaprili pia yafaa, ila takriban mtu mmoja kwa kumi hupata kikohozi kikavu. Midomo au ulimi ukivimba kwa enalaprili, asimeze tena, akimbizwe hospitali. Kwa zote mbili apimwe potasiamu na kreatinini kabla, kisha wiki moja au mbili baadae.

Mama Rayyan: Mashine ya presha ninayo, naileta.

Dada Famasi: Ahsante. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Mpime mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7. Andikeni zote, hata zile mbaya.

Shangazi Wete: Ni saa nane mchana, kameza. Diklofenaki nimeitia mkobani niende nayo kwa daktari.