Mrejesho: Kalsiamu huingiaje kwenye mitokondria?

Wakuu, niliuliza: mlango wa kalsiamu wa mitokondria (vinu vya nishati vya seli) huhitaji kalsiamu nyingi ndipo ufunguke, na saitoplazimu (majimaji ya ndani ya seli) ina kidogo mno, sasa huingiaje? Asanteni sana, nimeelewa, na jana nimewafundisha wanafunzi wangu hapa Nyamagana.

Retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli ambao ndio ghala la kalsiamu, hukaa karibu mno na mitokondria, nanomita 10 hadi 30 hivi. Ikiachia kalsiamu, hurundikana kwenye upenyo huo kabla ya kutawanyika. Hapo MCU, yaani ule mlango wenyewe, protini iliyotambuliwa mwaka 2011, huipitisha ndani, na uzalishaji wa ATP (molekuli ya nishati ya seli) huongezeka. Kwangu ukaribu huo ndio utamu wa mada yote! Kalsiamu ikizidi humo ndani, seli yaweza kufa.

Binti mmoja akauliza kalsiamu hurudije ghalani. Nikamwambia: pampu ya SERCA, kwa nguvu ya ATP hiyohiyo.