IST inakula tairi ya mbele kushoto upande wa ndani, alaimenti imepigwa lakini wapi

MamaKibaha

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada maana hili jambo linanimalizia hela. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, ile ya cc 1490, kila siku natoka nayo Kibaha mpaka Kariakoo na kurudi. Tairi ya mbele kushoto inalika upande wa ndani, yaani ukisimama nje ukaiangalia ni nzima kabisa kashata zote (ile michoro ya tairi) zipo, ila ukikata stelingi mpaka mwisho ukachungulia kule ndani unakuta kipara. Tairi si mtumba, ni mpya za 185/65R15, nilifunga mbili za mbele mwezi wa tatu tu mwaka huu.

Ya kulia nayo imeanza, ila yenyewe inalika bega la nje na sio kwa kasi kama ya kushoto. Halafu gari inavuta kulia. Ukiachia stelingi kidogo pale barabara imenyooka utaona inajipeleka kulia kwa wanaokuja, inatisha hasa usiku.

Alaimenti (kunyoosha magurudumu) nimepiga, kwanza kwa fundi anayepima kwa uzi, gari ikatembea hivyo kwa muda, baadae nikapeleka kwenye mashine ya kompyuta. Stelingi imenyooka lakini kuvuta kuko pale pale. Sasa fundi mmoja ananiambia nibadilishe shokapu zote nne, mwingine anasema tairi ni feki. Naomba anayejua anieleze kabla sijatoa hela nyingine.

kijana_wa_mbezi

Pole dada. Angalia upepo kwanza, mafundi pancha wengi wanajaza mpaka psi 40 bila hata kukuuliza, we soma stika iliyopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva ndio ufuate hiyo

Rimu15

Upepo hauwezi kula ndani tu mkuu. Ukizidi tairi inalika katikati, ukipungua inalika mabega yote mawili, yake inakula upande mmoja hiyo ni mambo ya chini ya gari. Dada jaribu kitu kimoja hakina gharama, hamisha tairi za mbele, ya kushoto ipeleke kulia na ya kulia kushoto kisha utembee (kama tairi zako zina mshale wa mwelekeo usifanye hivyo). Gari ikianza kuvuta kushoto ujue ni tairi yenyewe, ikiendelea kuvuta kulia tairi haina kosa uache kumsikiliza anayekwambia ni feki.

MamaKibaha

@Rimu15 hilo lilishafanyika kule kwenye mashine, na bado ikavuta kulia

spea_za_ilala

Mimi nauza spea na kitu ninachokiona kila siku ni watu wanapiga alaimenti juu ya bushi (mipira ya maungio) zilizokufa. Alaimenti inapigwa gari ikiwa imesimama, bushi ya wishboni (ule mkono wa chini unaoshika gurudumu) ikiwa imechanika ukishaanza kutembea na kufunga breki gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe, vile vipimo vyote ulivyolipia havipo tena. Inua mbele kwa jeki na uweke stendi, shika tairi juu na chini utikise, ikicheza ni boljointi (kiungo cha chini cha gurudumu) au beringi, kisha shika kushoto na kulia utikise, ikicheza hapo ni tairodi endi au raki endi (viungo vya stelingi). Bushi za wishboni haziwezi kuonekana kwa kutikisa, fundi aingize mtaimbo asukume aone mpira umechanika au bado. Na shokapu zote nne usibadilishe kwa maneno ya mtu, shokapu iliyokufa inakula tairi kwa mabonde mabonde, ukipitisha mkono unasikia inapanda na kushuka, haili bega moja likawa kipara safi namna hiyo.

chini_ya_gari

Dada kabla hujanunua chochote naomba unijibu mawili. Hiyo gari ilishawahi kushushwa gia boksi au injini? Na pale kwenye mashine walikupa karatasi? Kama unayo isome hapa, hasa sehemu ya kemba kushoto na kulia (kemba ni nyuzi gurudumu lilivyolala, hasi juu kumelala ndani, chanya kumelala nje).

Nauliza kwa sababu dalili zako haziendani na tou (pua za magurudumu ya mbele kuelekeana au kuachana) peke yake. Tou ikikosewa inakula matairi yote mawili ya mbele upande ule ule, yote ndani au yote nje, na ukipitisha kiganja kwenye kashata unasikia meno kama ya msumeno. Yako kushoto ndani, kulia nje. Na barabara zetu tunaendesha kushoto, lami imeinama kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo gari isiyo na tatizo ikiachiwa inateleza kidogo kushoto, yako inapanda mlima kwenda kulia. Kuna kitu kinaisukuma.

MamaKibaha

@chini_ya_gari asante sana. Ndio, mwaka jana ilishushwa gia boksi gereji moja hapa hapa Kibaha, ilikuwa inavujisha oili ile sili ya nyuma ya injini. Na sasa ndio nafikiria, kuvuta kumeanza baada ya hapo. Karatasi ninayo ilikuwa kwenye dashibodi, kemba kushoto imeandikwa -1.2 na kulia +0.2, ya kushoto ina rangi nyekundu, yaani nje ya kipimo. Tou kabla ilikuwa nyekundu zote imefunguka kwenda nje, baada ya kupima zikawa kijani. Nilipouliza ile nyekundu nikaambiwa IST haina sehemu ya kurekebisha kemba, ndio ilivyo.

chini_ya_gari

Basi hapo pameshajulikana kwa sehemu kubwa. Ni kweli IST mbele ina strati (shokapu na springi kwa pamoja) na kwa kawaida kinachorekebishwa ni tou tu, lakini jibu la "ndio ilivyo" sio jibu, ilitoka kiwandani ikiwa na kemba sawa pande zote mbili.

Angalia namba zako. Kushoto -1.2, kulia +0.2, zijumlishe unapata -1.0, gawa kwa mbili ni -0.5 kila upande, hicho ni kipimo cha kawaida kabisa kwa gari kama hii. Maana yake upande mmoja umechukua kiasi kile kile ambacho mwingine umepoteza. Wishboni ikipinda au strati ikipinda inaharibika upande mmoja na ule mwingine unabaki vizuri. Zikihama zote mbili kwa pamoja kilichohama ni kile wishboni zote mbili zilichoshikia, yaani krosmemba, ule mwamba wa chuma chini ya injini. Kushusha gia boksi kwenye hizi gari krosmemba lazima ifunguliwe, na matundu ya bolti zake ni mapana kuliko bolti, mtu akiirudisha akakaza bila kuangalia inakaa pembeni milimita kadhaa. Yako imesogea kushoto, ikasukuma chini ya gurudumu la kushoto kwenda nje na la kulia kwenda ndani. Gari inavutwa upande wenye kemba iliyo chanya zaidi, kwako ni kulia, kwa hiyo hata kuvuta kunajieleza.

Sasa kwa nini tairi imekwisha haraka hivyo, kemba ya -1.2 peke yake isingekula tairi kwa miezi michache. Ni ile tou ya nje uliyotembea nayo baada ya kupimwa kwa uzi. Tairi la kushoto lililala ndani halafu likawa linaburuzwa, vyote viwili kwenye bega lile lile. Simlaumu anayepima kwa uzi moja kwa moja, uzi ukitumika vizuri unapima tou sawa tu, ila hauoni kemba wala hauoni kama nyuma iko sawa na mbele.

Kazi yenyewe sio kubwa. Gari ipande lifti, fundi aangalie kichwa cha bolti za krosmemba, pakiwa pamehama ataona alama ya mwezi mwandamo ya chuma kisicho na kutu pale washa ilipokuwa inakaa zamani. Aegemeze krosmemba kwa jeki, alegeze bolti pamoja na ile ya mauntingi (kishikizo) ya nyuma ya injini, asizitoe, asukume kwa mtaimbo irudi kwenye alama ya zamani, akaze kwa toki renchi (spana ya kipimo). Baada ya hapo ndio urudi kwenye mashine, kemba isomwe kwanza halafu tou ipigwe mwishoni, maana krosmemba ikihama chochote kilichopimwa kabla ni bure. Na zile bushi alizosema @spea_za_ilala ziangaliwe siku hiyo hiyo gari ikiwa juu.

turbo_moro

Mbona kuna bolti nyembamba za kemba zinauzwa, unafunga pale strati inaposhika na nako (chuma kinachobeba beringi ya gurudumu), unavuta kemba unavyotaka kazi imeisha nusu saa. Kuhangaika na krosmemba ya nini

chini_ya_gari

@turbo_moro zipo na zinafaa pale gari iliyopigwa kidogo imebaki na tofauti ndogo. Hapa utanyoosha gurudumu kwa juu wakati chini bado kumekaa pembeni, karatasi itatoka kijani lakini ule mwinamo wa ekseli ya stelingi kushoto na kulia utabaki tofauti, gari itaendelea kusumbua ikiingia kwenye mifereji ya malori pale Morogoro Road. Na huyu ni mtu anaendesha kila siku, afadhali afanye mara moja.

Rimu15

Naongezea la nyuma. Nyuma ya IST ni bimu moja nzima haina bolti ya kurekebisha chochote, kwa hiyo dada kwenye karatasi tazama pia tou ya nyuma. Ikiwa kushoto na kulia zimepishana sana bimu imeshawahi kugongwa, gari inatembea upande kama kaa hata mbele ikipimwa vipi.

MamaKibaha

@Rimu15 nimeangalia, nyuma zote kijani alhamdulillah. Mrejesho: jana gari ilipanda lifti kwa fundi mwingine, alama ipo vile vile kama alivyosema @chini_ya_gari, nimeiona kwa macho yangu. Amerudisha krosmemba, bushi ya nyuma ya wishboni ya kushoto ilikuwa imechanika ameweka mpya. Mashine imesoma kushoto -0.6 kulia -0.4, tou kijani, na karatasi hii nimesomewa mstari kwa mstari. Nimerudi nayo Kibaha haivuti. Swali la mwisho, ile tairi iliyolika ndani naweza kuihamishia nyuma?

spea_za_ilala

Hapana dada. Chungulia kule ndani, kama kashata imefika usawa wa zile vinundu vya alama ndani ya mfereji, vya milimita 1.6, au nyuzi zimeanza kuonekana, hiyo itoe kabisa. Nyuma ndio zinatakiwa zikae zile nzuri zaidi, mvua ikinyesha gari ikiteleza nyuma huna stelingi ya kuiokoa. Hii ya kulia iliyolika kidogo bega la nje inaweza kuendelea, itapiga kelele kidogo mpaka ijisawazishe. Nunua moja ya saizi na kashata ile ile, na kabla ya kulipa soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, ndio tarehe ya kutengenezwa, 2318 maana yake wiki ya 23 mwaka 2018, mpya iliyokaa stoo miaka sita usiichukue.